Padri Spallanzani na moto ulio ndani ya mwili

Katika masomo ya filosofia tunafundishwa kwamba kila kitu chenye uhai kina kazi tatu za kwanza: kujilisha, kukua na kuzaa. Aristoteli alifundisha hivyo, naye mtakatifu Tomaso akamfuata. Lakini chakula kinageuka namna gani kuwa nyama, damu na joto? Aristoteli alijibu kwamba moto wa uhai umo moyoni, kwamba chakula kinapikwa kwa joto hilo, na kwamba tunavuta pumzi ili kulipoza. Jibu hilo lilikaa karibu miaka elfu mbili. Kuliondoa ilikuwa kazi ya watu wengi, na mmoja wao alikuwa padri, ambaye nadhani wachache kati yetu wanamjua. Inafaa tusimulie habari zake, kwa sababu aliona jambo la kweli, akafa, na jambo lile likalala zaidi ya miaka 70.

Kabla yake alikuwako mganga Santorio, mwalimu wa Padova katika inchi ya Italia. Huyu alitundika kiti kwenye mizani, akakaa na kula humo. Kwa miaka mingi alipima chakula, kinywaji, choo na uzito wa mwili wake. Mwaka 1614 alitoa kitabu, akaeleza kwamba mtu akila na kunywa ratili 8 kwa siku moja, ratili 5 hivi zinatoka bila kuonekana, kwa pumzi na kwa ngozi. Tufikiri kidogo: zaidi ya nusu ya vile tulivyokula inakwenda katika hewa! Santorio alijua kiasi, sababu hakuijua.

Lazzaro Spallanzani alizaliwa Scandiano, Italia, mwaka 1729. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akatumwa Bologna kujifunza sheria. Lakini huko alikuwako ndugu yake mmoja, mama Laura Bassi, aliyefundisha fizika katika chuo kikuu, jambo la ajabu kwa mwanamke wa wakati ule. Mama huyu alimvuta kwenye elimu ya viumbe. Spallanzani akapata upadri, akafundisha Reggio, halafu Modena, na tangu mwaka 1769 Pavia, mpaka kufa kwake.

Siku zile wenye elimu walibishana juu ya tumbo. Wengine walisema linasaga chakula kama jiwe la kusagia, wengine, chakula kinaoza tu, wengine, kinapikwa. Mfaransa Réaumur alikuwa na mwewe, ndege anayetapika vitu asivyoweza kuyeyusha. Alimmezesha kibomba cha madini chenye matundu, na nyama ndani yake. Ndani ya kibomba nyama haiwezi kusagwa. Walakini ilipotoka ilikuwa imeyeyuka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1752. Spallanzani akaishika kazi hiyo, akajaribu kuku, vyura, nyoka, samaki na wanyama wengine wengi. Mwishoni akajijaribu yeye mwenyewe. Hapo aliogopa, na mimi simlaumu: kitu kikikwama matumboni, nani atakitoa? Akashona mfuko mdogo wa kitani, akatia mkate uliotafunwa, akaumeza. Baada ya saa 23 mfuko ukatoka mzima, mkate hakuna. Kisha alimeza vibomba vya mti, tena akajitapisha asubuhi kabla ya kula ili apate maji ya tumbo lake mwenyewe, mpaka kazi hiyo ikamchukiza akaiacha. Maji aliyoyatoa katika matumbo ya ndege aliyatia katika vibomba vya kioo pamoja na nyama, akaviweka kwapani ili vipate joto la mwili. Nyama ikayeyuka, nje ya tumbo, bila kusagwa na bila kuoza. Mwaka 1780 alitangaza hayo yote. Basi ikajulikana kwamba ndani ya tumbo yamo maji yenye nguvu ya kugeuza chakula.

Lakini chakula kikiisha kuyeyuka kinafanya nini? Hapa tuhamie Paris. Katika baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Lavoisier na Laplace walimfungia simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye watu wa Kivu wanamfuga na kumwita dende, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyushwa na joto lake, wakapima na gazi karboniki iliyotoka katika pumzi yake. Halafu wakachoma makala, wakalinganisha. Hesabu hazikuwa sawasawa kabisa, lakini zilikaribiana. Wakasema: kupumua ni kuungua polepole, kama makala katika mbabula. Pumzi haipozi moto. Ndiyo inayoulisha, kwa oksijeni. Aristoteli alikuwa ameshika jambo kichwa chini. Ila Lavoisier alifikiri kwamba mbabula hiyo imo katika mapafu. Tarehe 8 Mei 1794 wenye mapinduzi wa Ufaransa walimkata kichwa.

Spallanzani, sasa mzee, akauliza: je, ni katika mapafu kweli? Aliwatia konokono katika chupa zisizo na oksijeni hata kidogo, na bado walitoa gazi karboniki. Basi gazi hiyo haikuundwa palepale na oksijeni ya pumzi. Ilikuwa inatoka ndani ya mwili. Tena alikata viungo vya wanyama, ngozi, ini, nyama, akavifungia kimoja kimoja. Kila kiungo, bila mapafu, kilivuta oksijeni na kutoa gazi karboniki. Maana yake ni kwamba moto umo mwilini mwote.

Alikufa tarehe 11 Februari 1799, maandiko hayo hayajachapwa. Rafiki yake Senebier, mchungaji Mprotestanti wa Geneva, aliyatafsiri kwa Kifaransa, yakatoka mwaka 1803. Nani aliyasikiliza? Wachache sana. Kwa maoni yangu jina la Lavoisier lilikuwa kubwa mno, na watu walipenda kurudia neno la mkubwa kuliko kufungua tena chupa ya konokono. Mwaka 1837 Magnus wa Berlin alikuta gazi zote mbili ndani ya damu, katika ile inayokwenda mapafuni na katika ile inayotoka. Wengine wakasema, kumbe moto umo katika damu. Ubishi ukaendelea mpaka kwa Pflüger wa Bonn, Ujerumani. Mwaka 1877 mwanafunzi wake Oertmann aliondoa damu ya vyura, akatia maji ya chumvi mahali pake, na vyura wakaendelea kutumia oksijeni kama kwanza. Ubishi ukaisha.

Jina la kazi hiyo yote, metabolismo, latoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuza. Theodor Schwann alilitumia mwaka 1839 kwa kazi ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa navyo. Mwaka uleule alikwenda kufundisha Louvain, Ubelgiji. Sasa tunajua kwamba bukari tuliyokula jioni inakuwa sukari, na sukari inavunjwa ndani ya seli hatua kwa hatua, si kwa mwako mmoja, la sivyo tungeungua. Mwili wa mtu mzima anayepumzika unatoa joto karibu sawa na taa ya umeme ya wati 80.

Aliyeonyesha mzunguko wa hatua hizo ni Hans Krebs, Myahudi wa Ujerumani, aliyefukuzwa kazini mwaka 1933 akakimbilia Uingereza. Mwaka 1937, huko Sheffield, aliandikia gazeti la Nature, likamrudishia barua yake. Ikabidi achapishe katika gazeti jingine la Uholanzi. Mwaka 1953 alipewa zawadi ya Nobel. Kitu alichotumia kilikuwa nyama ya kifua cha njiwa, iliyokatwakatwa na kutiwa katika chombo cha kioo. Njiwa alikuwa ameisha kufa, na nyama yake ilikuwa bado inavuta oksijeni.