Mikono Iliyochimba Upemba

Teritori ya Mitwaba iko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Lubumbashi, kwenye nyanda za juu za Kibara. Watu wa Katanga huitaja zaidi kwa habari ya bati, dhahabu na vita kuliko kwa historia yake ya kale. Upande wa magharibi nchi inashuka ghafla, na huko chini mto Lualaba unatanda katikati ya mafunjo na maziwa: Upemba, Kisale, Kabamba. Bonde hilo ndilo lililotoa ushahidi mkubwa kuliko wote tulio nao kuhusu maisha ya kale ya Katanga. Ushahidi huo ulifukuliwa kwa mikono ya watu wa bonde, ukaandikwa na wengine, na sehemu yake ikasafirishwa mbali na waliouchimba.

Mwaka 1957 Mbelgiji Jacques Nenquin alianza kuchimba Sanga, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa Kisale. Mwaka uliofuata akaja Jean Hiernaux pamoja na wenzake, na mwaka 1959 akahamia Katoto. Kisha ikaja miaka ya uhuru na misukosuko yake. Mwaka 1974 mwanaakiolojia Pierre de Maret alichimba tena Sanga na kuchimba pia Katongo. Mwaka 1975 akafika Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Ukijumlisha kazi hizo zote, makaburi yaliyofunguliwa yanazidi 200. Kwa makaburi hayo wanaakiolojia waliweza kupanga mfululizo wa watu walioishi hapo bila kukatika tangu karne ya 7 hivi hadi Waluba wa leo: kwanza kipindi walichokiita cha Kamilamba, halafu Kisale kati ya karne ya 8 na ya 13, halafu Kabamba hadi karne ya 18. Ni mahali pachache Afrika ya Kati panapoweza kuonyesha mwendelezo mrefu namna hiyo katika ardhi moja.

Yaliyopatikana humo yanastahili kuelezwa taratibu. Makaburi ya Kisale yalijaa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi wa ajabu, majembe, mikuki, ndoana, vikuku vya shaba, pembe za ndovu, na kauri chache ambazo hazikuweza kutoka kwingine ila Bahari ya Hindi. Watoto walizikwa na vyungu vidogo, na mara nyingi ukubwa wa chungu ulikwenda na umri wa marehemu. Maana yake kuna mfinyanzi aliyeketi kufinyanga chombo kwa kipimo cha maiti ya mtoto. Shaba ilitoka kusini, kwenye ukanda wa madini zaidi ya kilomita 200 kutoka bondeni. Katika makaburi ya Kabamba ikaja misalaba ya shaba. Ya mwanzo ni mikubwa kiasi, na iliwekwa kifuani, mmoja mmoja. Kadiri karne zinavyosogea, misalaba inapungua ukubwa, inaongezeka idadi, inalingana vipimo, na inawekwa karibu na mikono au kiunoni. Hapo tunaona kitu cha heshima kikigeuka kuwa fedha, karne nyingi kabla ya noti ya kwanza ya kikoloni.

Kamilamba, katika kaburi la mwanzo wa kipindi cha Kisale, mtu mmoja alizikwa na fuawe ya chuma karibu na kichwa chake, pamoja na shoka la heshima lenye mpini uliopigiliwa misumari. Mchimbaji asiyejua mila za Waluba angeandika kwamba amepata kaburi la mhunzi, akaendelea na lingine. Lakini fuawe kwa Waluba ni kitu cha ufalme. Masimulizi yao yanamtaja mfalme wa kale Kalala Ilunga kuwa ndiye aliyeleta ufundi wa chuma, kumtawaza mulopwe, yaani mfalme, kulihusisha tendo la kugonga fuawe, na hata pini za nywele zilifuliwa kwa umbo la fuawe ndogo. Shoka la misumari nalo lilibebwa na machifu hadi nyakati za karibuni. De Maret aliweza kusoma kaburi lile kama kaburi la mtu mwenye mamlaka kwa sababu watu wa eneo hilo walikuwa bado wanajua maana ya vitu vile. Tarehe zilitoka maabara. Maana ilitoka kwa wazee, kwa wahunzi, na kwa Bambudye, chama cha watunza kumbukumbu ambao husoma historia ya ufalme kwenye lukasa, ubao wao wa shanga.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kusema kuwa wenyeji “walisaidia” katika uchimbaji. Katika uchimbaji wa miaka ile, Katanga kama kwingineko Afrika, vibarua wa vijiji vya jirani ndio walioinua udongo, na majina yao ni nadra kuonekana kwenye jalada la kitabu. Lakini deni letu kwao ni kubwa kuliko la jasho. Bila maarifa yao, kaburi la Kamilamba lingebaki na mifupa na chuma tu.

Ukanda wa shaba wenyewe una habari inayofanana na hiyo. Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892 katika msafara wa Bia na Francqui, na watafuta madini wa Tanganyika Concessions walipokuja miaka michache baadaye wakiongozwa na George Grey, walikuta mashimo ya wenyeji. Mashimo hayo ndiyo yaliyowaonyesha wapi pa kupima. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Wafua shaba wa zamani walipata bahati ya kuandikwa kidogo: mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne alichapa maelezo kuhusu “walaji wa shaba” wa Katanga, akieleza kazi ya mafundi wa Wayeke, matanuri yao, mivukuto yao na miiko yao. Ni maelezo ya thamani. Hata hivyo, yule fundi aliyejua lini tanuri limeiva hakuulizwa babu yake alijifunza kwa nani.

Sasa nitoke kidogo nje ya Congo, kwa sababu jirani zetu wametangulia. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba nchini Tanzania, Mmarekani Peter Schmidt alifika mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya masimulizi ya Wahaya. Wazee walimwonyesha mti wa Kaiija na kumwambia kwamba hapo mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Schmidt alichimba pale pale walipoelekeza, akakuta mabaki ya uhunzi wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Masimulizi yalikuwa yamehifadhi mahali pa viwanda vya kale sana, yakaviweka chini ya jina la mfalme wa karibu. Baadaye wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuri, na kazi yao ikawa msingi wa makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 1978.

Lililonigusa zaidi ni la baadaye. Kuanzia mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliamua kufufua mahali pale. UKIMWI ulikuwa umechukua wazee wengi na masimulizi yao, na waliobaki waliona kwamba wasipoyaandika yatazikwa. Wakaunda kikundi chao cha utafiti, wakahoji watu nyumba kwa nyumba, wanawake wakiwemo. Masimulizi ya wanawake yakafungua mambo ambayo utafiti wa miaka ya 1970, uliowategemea zaidi wazee wanaume, haukuyafikia. Huko mwanaakiolojia alirudi kama mgeni mwalikwa. Maswali yalikuwa ya wanakijiji.

Hasara iliyoletwa Katuruka na ugonjwa, Mitwaba imeletewa na bunduki. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa na familia nyingi zilikimbia, baadhi hadi Lubumbashi. Mtu anapokimbia na watoto mgongoni, hachukui tanuri la babu yake wala njia ya kwenda kwenye mti wa mizimu. Kabla ya vita, sheria ya hifadhi ilikuwa imekwisha kugusa watu hawa: Hifadhi ya Upemba, yenye makao yake Lusinga, iliundwa mwaka 1939 juu ya ardhi waliyowinda, waliyovua na waliyozikia wafu. Kwa hiyo anayekuja leo na ramani na kamba za kupimia anawafikia watu ambao wameshazoea kuona mgeni akiweka mipaka kwenye ardhi yao. Wana haki ya kumtilia shaka.

Kuna sababu nyingine ya kuwaweka wenyeji mbele, nayo ni ya kitaalamu kabisa. Bonde la Upemba ni la mafuriko. Sehemu za juu, zisizofikiwa na maji, ni chache, na watu wa leo wamejenga pale pale walipojenga wa kale. Ndiyo maana tumechimba makaburi mengi na makazi machache mno. Tunajua jinsi watu wa Kisale walivyowazika watoto wao, lakini hatujui vizuri nyumba zao zilikuwaje, walipika wapi, soko lao lilikaa upande gani, samaki waliwakaushia wapi. Majibu yamo chini ya sakafu za wanaoishi. Hakuna kibali cha wizara kinachoweza kumfanya mama mmoja akubali shimo lichimbwe jikoni kwake. Atakubali akiwa anajua kinachotafutwa, akiwa mwanawe ni miongoni mwa wanaotafuta, na akiwa na hakika kwamba kitakachopatikana ataweza kukiona tena.

Lubumbashi yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Makumbusho ya mji, yaliyoanzishwa na Francis Cabu mwaka 1946, yalikuwa kwa miaka mingi mahali pa wageni na wanafunzi. Mwaka 2000 wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walianzisha mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wakawaomba wakazi walete vitu vya maisha yao na kueleza vilitumikaje. Familia za wafanyakazi wa migodi zikaja na vitu vyao. Fundi mstaafu na mama wa nyumbani wakawa ndio wanaoeleza, na maprofesa wakasikiliza. Ikiwa hilo limewezekana kwa historia ya karne ya 20, sioni kinachozuia lisifanyike kwa karne ya 10.

Katika hili vijana wanaochimba madini kwa mikono wasisahauliwe. Wao wanafungua ardhi ya Katanga kila siku, kwa kina ambacho hakuna mwanaakiolojia aliyewahi kulipiwa kukifikia. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu mali za utamaduni inailinda mirathi hii, lakini sheria isiyofika shimoni haimlindi mtu wala kitu. Msalaba wa shaba una wanunuzi Ulaya na Marekani, na ukishang'olewa kaburini bila kuandikwa ulilalia kifua au kiuno, umepoteza karibu kila ulichokuwa unaweza kutuambia. Kijana aliyefundishwa kupiga picha, kuacha kitu mahali pake na kumwita mtu wa makumbusho atatufaa kuliko tangazo lolote la serikali.

Nawaomba Makumbusho ya Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Lubumbashi mambo matatu kabla jembe halijagusa ardhi ya Mitwaba au bonde lililo chini yake. Mpango wa uchimbaji usomwe kwa Kiswahili na Kiluba barazani kwa chifu, wanawake wakiwepo, na watu wawe na haki ya kukataa. Ripoti iandike jina la kila aliyechimba na kila aliyeeleza. Na nakala ya picha na maandishi yote ibaki shuleni kijijini, hata kama vyungu vyenyewe vinapelekwa kuhifadhiwa Lubumbashi. Wazee waliorudi Mitwaba baada ya vita wapo, na hawazidi kuwa wengi. Waanze kuulizwa sasa, hata kabla fedha za kuchimba hazijapatikana.