Kisima kisicho na kibali nacho huhesabiwa

Tukisikia Ulaya tunafikiria mito mikubwa na theluji. Lakini takribani asilimia 65 ya maji ya kunywa katika Umoja wa Ulaya hutoka chini ya ardhi, na ndiyo maana nimeona sheria yao inafaa kuangaliwa.

Zipo mbili kuu: Agizo la Maji la mwaka 2000, na agizo la 2006 linalohusu maji ya chini ya ardhi peke yake. Agizo ni sheria ambayo kila nchi mwanachama hulazimika kuitia katika sheria zake. Maji hupimwa kwa wingi na kwa usafi. Kinachovutwa kisizidi kile mvua inachorudisha ardhini, tena baada ya mito na vinamasi kupata haki yao. Nitrati, itokanayo hasa na mbolea na samadi, isipite miligramu 50 kwa lita. Na bahari ikiingia visimani kwa sababu watu wamevuta kupita kiasi, maji hayo huhesabiwa kuwa katika hali mbaya. Hili la chumvi sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa.

Nilichokipenda ni kwamba hawangoji maji yaharibike kwanza. Uchafu ukizidi kupanda, kwa kawaida nchi hutakiwa ianze kuurudisha chini ukifika asilimia 75 ya kiwango.

Sasa twende Doñana, kusini mwa Uhispania, hifadhi ya vinamasi na ndege inayotegemea maji ya chini. Pembeni yake kuna mashamba ya stroberi, na visima vingi vilichimbwa bila kibali. Serikali ilipopiga hesabu ya maji yanayovutwa, visima hivyo haikuvitia, kana kwamba maji ya wizi hayapungui! Juni 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa Uhispania imevunja sheria: ilipaswa kuhesabu maji ya wizi, na yale ya miji pia. Tena haikuchukua hatua za kutosha kuhusu maji yanayovutwa kwa ajili ya Matalascañas, mji wa watalii ulio ufuoni hapo hapo. Hoteli zetu nazo zina visima, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Hukumu ilipatikana, mvua haikupatikana. Mwaka 2022, na tena Agosti 2023, Santa Olalla, ziwa kubwa kuliko yote ya kudumu ndani ya Doñana, lilikauka.