Daraja la Charles, Prague

Hapa ulipo, mto Vltava unapita chini ya miguu yako. Mwaka 1342 mafuriko yalibomoa Daraja la Judith lililokuwa karibu na hapa. Mwaka 1357 Mfalme Charles IV akaweka jiwe la msingi la daraja jipya, na ujenzi ukakamilika mwanzoni mwa karne ya 15. Lina urefu wa mita 516 na matao 16. Hadi mwaka 1841 halikuwepo daraja jingine la kuvukia Vltava mjini Prague: wafalme, wafanyabiashara na majeshi wote walipita hapa.

Sanamu
Ziko 30, na nyingi ziliwekwa kati ya mwaka 1683 na 1714. Ya kwanza kati ya hizo ni ya shaba nyeusi, ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya Mfalme Wenceslas IV. Nyingi za mawe unazoziona ni nakala. Za asili zimehifadhiwa mbali na mvua na moshi, baadhi zikiwa katika Makumbusho ya Taifa.

Mafuriko ya 1890
Magogo yaliyosombwa na maji yaliziba matao, matatu yakaanguka. Yalijengwa upya.

Ukitembelea
Njoo alfajiri, kabla umati haujajaa. Tazama magharibi uone Kasri la Prague mlimani. Usichore wala kufunga kufuli: jiwe hili la mchanga hulika upesi, na vizazi vijavyo vina haki ya kulivuka daraja hili.