Shamba Bondeni, Zahanati Barabarani

Maelezo ya utapiamlo wa watoto wa bonde la Rufiji, Tanzania, yamekuwa na tabia ya kumtafuta mkosaji, naye mara nyingi ni mama. Zamani mtoto akikonda ilisemwa amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kulala pamoja angali ananyonya. Ilipokuja kliniki, lawama ilibadili vazi tu: mama hajui lishe. Nadhani historia ya bonde lenyewe inaelekeza kwingine. Hii haikuwa nchi ya njaa. Katika karne ya 19 mpunga wake uliliwa hadi Unguja. Mkulima alikuwa na kinga mbili. Mpunga ulipandwa kuyasubiri mafuriko, na maji yakishapungua, katikati ya mwaka, alipanda mahindi na kunde kwenye udongo wenye unyevu, kilimo cha mlau. Mto ukisomba mpunga, mlau ulifidia. Lakini kinga hizo zilidai watu wawe karibu, maana ndege, nyani na nguruwe hawangoji, na ndiyo sababu familia zilihamia kwenye madungu, yaani vibanda vya kulindia mazao, shambani. Kwa majirani wa kaskazini, Uzaramo, mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi nguruwe walivyomaliza mazao wanaume walipokuwa mbali na nyumbani, katika miaka iliyotangulia vita vya Maji Maji vya 1905.

Mafuriko ya 1968 yaliipa serikali sababu ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji. Wapo watakaosema hilo lilikuwa jambo jema: shule na zahanati haziwezi kujengwa kwenye kila dungu, na mafuriko huua. Ni kweli. Ila mashamba yalibaki bondeni, na Kjell Havnevik, aliyeitafiti Rufiji kwa muda mrefu, ameeleza jinsi uhamisho ulivyouvuruga mfumo huo wa kilimo. Tangu hapo msimu wa kulinda mpunga humpa mama njia mbili, na zote zina hasara: ambebe mtoto hadi dunguni, mbali na mizani ya kliniki, au amwachie bibi, mtoto ale uji asubuhi na jioni. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi mara mbili kwa siku haumtoshi hata unga ukiwa tele. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa 1973, ililiona hilo na kutafiti unga wa kimea, unaolegeza uji mzito bila kuuongezea maji. Utafiti mzuri, lakini kimea nacho kinamtaka mtu aliye nyumbani akiloweke, akianike na kukisaga.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linatoka Rufiji yenyewe. Kuanzia 1997, chini ya mradi wa huduma muhimu za afya, TEHIP, wilaya ilianza kugawa fedha zake kwa kufuata magonjwa yanayoua zaidi, na kwa takribani miaka mitano vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo zahanati inaokoa. Anayebisha hilo anabishana na makaburi ambayo hayakuchimbwa. Lakini kilichotibiwa hasa ni malaria, nimonia na kuhara, na kunusurika si sawa na kushiba. Tena, tusisahau kwamba ramani ya vifo ilipatikana kwa sababu wadodosaji walizifuata kaya, mlango kwa mlango, mara tatu kwa mwaka. Mkoani Iringa nako, kwenye mpango wa lishe ulioanza 1983, mizani ilipelekwa kijijini na wanakijiji wakajadili wenyewe kwa nini mtoto fulani hakuongezeka uzito.

Leo mwenye utapiamlo mkali hupewa chakula dawa cha karanga na kutakiwa arudi kila wiki. Kwa anayelala dunguni, kurudi kila wiki wakati mpunga unakomaa ni kuwaachia ndege chakula cha mwaka. Utepe wa kupima mkono hauna uzito wowote. Mhudumu wa jamii anaweza kuvuka nao kwa mtumbwi, mradi ratiba ya wilaya ifuate kalenda ya mpunga. Na sasa kuna bwawa la Julius Nyerere huko juu ya mto. Mlau ulitegemea mto upande na kushuka kwa majira yake, hivyo wanaopanga kufungua na kufunga maji, wajue wasijue, wameshaingia katika kazi ya lishe ya watoto wa Utete na Kibiti.