Gari ngapi zitatoka kwenye mlango huu? Historia ya hesabu moja inayojenga barabara

Leo naandika juu ya namba moja. Mutu akitaka kujenga nyumba kubwa mu muji, chini maduka, katikati mabiro, juu makao ya familia, wakubwa wa barabara wanauliza: kila siku gari ngapi zitaingia na kutoka hapo? Jibu linaandikwa kwa namba, na ile namba njo inaamua upana wa barabara, taa za njia panda na ukubwa wa parkingi. Mara nyingine inaamua hata kama ruhusa ya kujenga itatoka ao itakataliwa.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma barabara. Lakini sisi watu wa agronomia tunaijua hesabu ya namna hii. Hatuvuni shamba zima ili tujue mavuno. Tunapima viwanja vidogo, tunatafuta wastani, tunazidisha kwa hekta. Inafaa kama vile viwanja vinafanana na shamba lenyewe. Ukipima mahindi kwenye udongo wa volkano kule Rutshuru, kisha ukabeba namba yako mpaka kwenye kilima kilichochoka, haujakadiria kitu, umehamisha namba tu. Hesabu ya gari ilipatwa na shida hiyo hiyo, na historia yake inatufaa sisi ambao miji yetu bado inajengwa.

Wazo lilianzia wapi

Zamani, mainjenia wa Marekani walikuwa wanahesabu gari zinazopita barabarani, wanaongeza kiasi fulani kila mwaka, basi. Gari zilikuwa kama mvua: inanyesha, unapima. Mwaka 1954, Robert Mitchell na Chester Rapkin walitoa kitabu kilichobadilisha mambo. Walisema mwendo wa gari unazaliwa na matumizi ya ardhi. Kiwanda kinaita wafanyakazi, soko linaita wanunuzi, makao yanatoa watu asubuhi na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo ukijua nini kimejengwa mahali fulani, unaweza kukadiria safari zitakazotoka hapo.

Wakati ule ule, kule Detroit, kati ya 1953 na 1955, J. Douglas Carroll aliongoza uchunguzi mkubwa. Watu waliulizwa nyumba kwa nyumba: jana ulitoka wapi, ulienda wapi, kwa nini, na kwa njia gani? Kisha Carroll akaenda Chicago kufanya vile vile. Mwaka 1956 Marekani ikapitisha sheria ya kujenga barabara kuu nchi nzima, na hesabu za namna hii zikapata kazi kila mahali.

Ile ilikuwa hesabu ya muji mzima. Kwa nyumba moja moja walihitaji kitu chepesi. Mwaka 1976, chama cha mainjenia wa usafiri kinachoitwa ITE kilichapisha kitabu cha kwanza cha viwango. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unachagua duka ao biro lililokwisha kujengwa. Unahesabu gari kwenye mlango wake, kwa macho ao kwa mpira unaolazwa barabarani na kuandika kila gari inayoukanyaga. Gari moja kuingia ni safari moja, kutoka ni safari ingine. Unagawanya kwa ukubwa wa jengo, kwa hesabu ya makao ao ya wafanyakazi. Ukikusanya mahali pengi, unapata wastani. Tangu hapo, injenia akiletewa mchoro mpya, anafungua kitabu, anazidisha, anasaini.

Viwanja vya majaribio vilikuwa wapi

Hapa njo penye shida. Mahali mingi palipohesabiwa palikuwa pembeni ya muji: jengo limesimama peke yake, parkingi ya bure mbele yake, basi hakuna, njia ya miguu hakuna. Mutu angefika hapo namna gani kama si kwa gari? Namba haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli ya udongo ule.

Sasa chukua namba hiyo uitie kwenye jengo lenye kuchanganya matumizi. Tuseme mama mmoja anakaa etaji ya nne. Asubuhi anashuka kununua mkate kwenye duka la chini, kisha anapanda tena. Ukijumlisha makao peke yake na duka peke yake, kitabu kinamwandikia safari mbili kwenye mlango wa makao, kutoka na kurudi, na mbili ingine kwenye mlango wa duka, kuingia na kutoka. Safari nne za gari kwenye karatasi, na mama alitembea kwa ngazi.

Mainjenia wenyewe waliliona jambo hilo. Waliruhusiwa kupunguza sehemu fulani kwa ajili ya safari za ndani. Lakini kwa miaka mingi, kiasi cha kupunguza ambacho ITE ilielekeza kilitegemea sehemu tatu tu, zote za Florida. Kwetu mwanafunzi akileta sampuli tatu za jimbo moja akitaka kuzitumia kwa nchi nzima, mwalimu angemrudisha shambani.

Mwaka 2002, Donald Shoup, profesa wa mipango ya miji kule Los Angeles, alionyesha ubaya mwingine. Katika chapa ya 1987 ya kile kitabu, mgahawa wa chakula cha haraka wenye dirisha la kuhudumia gari ulipewa safari 632.125 kwa siku kwa kila futi za mraba 1000, karibu mita za mraba 93. Angalia zile desimali tatu! Lakini mstari uliochorwa kati ya alama za vipimo ulieleza chini ya asilimia 7 ya tofauti kati ya mgahawa mmoja na mwingine. Kusema wazi, ukubwa wa mgahawa haukueleza karibu kitu chochote. Desimali zilikuwa zinaficha ujinga.

Na namba kubwa kupita kiasi haibaki kwenye karatasi. Viongozi wanaisoma, wanamwambia mjenzi: panua barabara, ongeza parkingi. Barabara ikipanuka, kuvuka kwa miguu kunakuwa hatari. Parkingi ikiongezeka, maduka yanaachana mbali. Basi watu wanapanda gari hata kwa kitu kidogo. Kesho injenia mwingine anakuja kuhesabu hapo, anakuta gari mingi, anaandika kitabuni kwamba ile namba ilikuwa sawa.

Kiwanda cha chuma cha Atlanta

Kisa kinachonivuta zaidi ni cha Atlanta, juu pale hesabu hii ilibeba hatima ya kartie nzima. Karibu na katikati ya ule muji kulikuwa kiwanda cha chuma, Atlantic Steel, kilichoanza mwaka 1901. Eneo lake lilikuwa ekari 138, yaani hekta kama 56. Mwisho wa miaka ya 1990 kiwanda kilifungwa, kikaacha udongo uliochafuliwa. Kampuni moja ya ujenzi, Jacoby, ilitaka kusafisha udongo na kuweka makao, mabiro na maduka pamoja.

Lakini kati ya eneo hilo na kituo cha treni cha Arts Center kulikuwa barabara kuu pana kama mto. Bila daraja, mradi ungekufa. Na daraja lilikatazwa. Hewa ya Atlanta ilikuwa chafu kwa ozoni, na moshi wa gari ulikuwa sababu kubwa. Tangu 1998 muji ulikosa mpango wa usafiri unaokubalika na sheria ya hewa safi, na miradi mipya ya barabara ya namna hiyo ikasimama.

Kwa hesabu ya kawaida, jibu lilikuwa jepesi. Leo eneo ni tupu, gari ni sifuri. Kesho kutakuwa makao, mabiro na maduka, gari maelfu. Mradi unaongeza moshi, basi ukataliwe.

Shirika la serikali linalolinda mazingira, EPA, lilikubali kuuliza swali namna ingine, chini ya programu yake iliyoitwa Project XL. Wale watu watakaokaa hapo na kufanya kazi hapo, mradi ukikataliwa, hawatapotea hewani. Watahamia wapi? Atlanta ilikuwa inakua haraka, na ukuaji wake ulienda pembeni. Kwa hiyo EPA ilichukua mradi wenye ukubwa ule ule, ikauweka kwenye karatasi mahali patatu pengine pa jimbo, mpaka Henry County kule kusini. Ikakadiria kila mahali jumla ya mwendo wa gari, yaani gari ngapi na zinaenda mbali namna gani. Mahali pa kiwanda palishinda pote patatu kwa mwendo mdogo, juu kazi, treni na maduka vilikuwa karibu. EPA ilileta pia mchoraji wa miji, Andrés Duany, ili mchoro wa kwanza urekebishwe na njia za mtaa ziungane.

Mapatano yalitiwa saini 1999. Ule mradi, pamoja na daraja lake, ukahesabiwa kuwa njia ya kupunguza uchafu wa hewa. Daraja la 17th Street lilifunguliwa 2004, na mwaka 2005 kartie mpya, Atlantic Station, ikafungua milango. Mapatano yalidai pia kwamba mwendo wa gari upimwe baada ya watu kuhamia. Vipimo vya miaka ya kwanza vilionyesha mkaaji wa hapo anaendesha maili kama 8 kwa siku, kilomita 13 hivi, wakati wastani wa jimbo ulipita maili 32, kilomita 51.

Tusishangilie haraka. Wale wakaaji walijichagua wenyewe. Mutu asiyependa kuendesha gari njo alihamia pale, na pengine angeendesha kidogo hata kwingine. Tena kipimo hicho ni cha wakaaji. Chini ya maduka kulijengwa parkingi kubwa sana, na wanunuzi wengi wanafika kwa gari kutoka mbali. Lakini swali lilikuwa limekwisha kubadilika.

Baada ya Atlanta

Mwaka 2011 vilitoka vichapo viwili vilivyofanya kazi ya shamba kweli kweli. Cha kwanza kilikuwa ripoti ya utafiti wa barabara ya Marekani. Hapo watafiti walisimama milangoni mwa sehemu kama Atlantic Station na Mockingbird Station ya Dallas, wakauliza watu wanaotoka: unaenda wapi sasa, na kwa njia gani? Kumbuka, walihesabu watu. Cha pili, utafiti wa Reid Ewing na wenzake, ulichunguza sehemu 239 zenye kuchanganya matumizi katika majimbo sita ya miji, kuanzia Boston mpaka Seattle. Kwa wastani, safari 3 kwa 10 hazikuongeza gari hata moja kwenye barabara za nje. Zilikuwa za ndani, ao za miguu, ao za basi na treni.

Lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa sana. Sehemu iliyo karibu na kazi, yenye njia zinazoungana na basi jirani, ilipata zaidi. Sehemu iliyotupwa pembeni ya barabara kuu ilipata kidogo, hata kama mchoro wake ulichanganya kila kitu. Udongo tena!

Mwaka 2013 California ilipitisha sheria ya kuacha kuhukumu miradi kwa kuchelewa kwa gari kwenye njia panda. Tangu Julai 2020, uchunguzi wa mazingira wa jimbo hilo unaangalia jumla ya mwendo wa gari. Swali la Atlanta likawa sheria.

Sisi tunachukua nini

Kwetu, nyumba za etaji zinapanda, chini duka, juu makao, na siku moja mutu ataleta uchunguzi wenye jedwali za gari. Pengine mmoja wetu ataombwa kutia saini. Mimi ningeuliza mambo tatu.

Kwanza, hii namba ilipimwa wapi? Kitabu cha Marekani hakina mstari wa tshukudu ya Goma, wala wa pikipiki inayobeba abiria watatu, wala wa lori inayoshusha saruji katikati ya barabara saa sita mchana. Kama mlango wetu unapitiwa na miguu na pikipiki kuliko gari, tuhesabu miguu na pikipiki. Mwanafunzi mwenye daftari, saa na siku tano anaweza kuanza kazi hiyo kwenye majengo yaliyokwisha kusimama.

Pili, watu wangapi watapata wanachohitaji bila kutoka? Duka la chini likiuza vitu ambavyo wakaaji wa juu hawanunui, kuchanganya huko ni kwa rangi tu.

Tatu, kama hatujengi hapa, tutajenga wapi? Jengo likikataliwa katikati ya muji, familia zile zitapanda mlimani ao zitakata shamba. Agronome anajua hesabu ya upande huo: kila hekta ya mahindi inayogeuka parseli, chakula kinatoka mbali zaidi, na kinakuja kwa lori. Hizo lori nazo ziandikwe kwenye jedwali.