Konzo: ugonjwa unaofunga miguu

(MUZIKI WA KUFUNGUA, UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunavuka mipaka kufuata historia ya ugonjwa wenye majina mawili. Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, uliitwa mantakassa.

Mtu, mara nyingi mtoto au mama, hushtuka miguu yote miwili imekakamaa kwa pamoja. Akijaribu kusimama, miguu hutetemeka. Akitembea, visigino havigusi chini. Ulemavu hauongezeki, lakini pia hauponi, kwa sababu mishipa ya fahamu inayopeleka amri za ubongo miguuni imeshadhurika.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Chanzo chake hakikujulikana. Kisha mwaka 1981 ukame uliikumba Nampula, ikabaki mihogo michungu. Watu zaidi ya 1,100 wakaugua. Polio ilishukiwa, lakini vipimo vilionyesha sumu ya sayanaidi, itokayo kwenye mihogo hiyo. Kwa njaa, watu waliila kabla haijakauka vya kutosha. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilizuka Tarime, Tanzania.

Kule Bandundu, Zaire ya wakati ule, chanzo kilikuwa biashara. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wengi, na mihogo iliyolowekwa siku tatu ikawa inatolewa majini baada ya siku moja au mbili. Na pasipo maharage, samaki au nyama, mwili hukosa kinachousaidia kuivunja sumu.

Basi, msikilizaji, konzo haiambukizi, wala aliyeugua hakurogwa. Mababu zetu walikula mihogo michungu miaka mingi bila madhara, kwa sababu waliipa siku zake majini na juani. Ugonjwa uliingia pale njaa au haraka ya soko ilipozipunguza siku hizo.

Ukiwa na unga wa mihogo michungu usiouamini, uloanishe kwa maji, uutandaze mwembamba kwenye mkeka kwa muda wa saa mbili juani, au saa tano kivulini, ili sumu itoke kama hewa. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Kinga ni rahisi. Miguu ikishafungwa, hakuna dawa ya kuifungua.

(MUZIKI WA KUFUNGA)