Si kioevu, si gesi: tuiiteje?

Aliyelelewa Masimba, kule Kisii, hahitaji maabara ili azijue hali tatu za maada. Mvua ya mawe ilipopiga mabati na kuchanachana majani chai, tuliona yabisi. Mawe yalipoyeyuka, tukaona kioevu. Jikoni mvuke ukiinua kifuniko cha sufuria, hiyo ni gesi. Siku moja nikamuuliza mwalimu: je, sufuria ikizibwa kabisa na moto uzidi, itakuwaje? "Wewe soma! Maswali ya chuo waachie wa chuo," akanijibu.

Kumbe jibu lilikuwapo tangu 1822. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alifungia kileo na gololi ya jiwe ndani ya kipande cha mtutu wa bunduki, akakipasha moto huku akisikiliza gololi ikibiringika. Joto lilipopanda mno, mlio ukabadilika: mpaka wa kioevu na mvuke ulikuwa umetoweka. Mnamo 1869, Thomas Andrews wa Belfast akaeleza kwamba kaboni dayoksaidi ikipita nyuzijoto 31 hivi, hata uikandamize vipi, haigeuki kioevu. Shinikizo likizidi takriban mara 73 ya lile la hewa, gesi hiyo huyeyusha vitu kama kioevu, ila hupenya kama gesi.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Katika miaka ya 1960, Mjerumani Kurt Zosel alionyesha kuwa dutu hii hutoa kafeini katika kahawa. Hupenya buni zenye unyevu, hubeba kafeini, na shinikizo likilegezwa, gesi hujiendea zake bila kuacha masalia. Wakulima wa Kisii walianza kukuza kahawa miaka ya 1930, na hadi leo buni nyingi za Kenya huuzwa nje zikiwa mbichi. Ujuzi na faida hubaki huko huko ng'ambo.

Sasa tuiiteje? Wanafunzi wangu hukimbilia "giligili hakiki", eti kwa sababu neno la Kiingereza linafanana na lile la wahakiki wa fasihi. La hasha! Andrews hakuzungumzia uhakiki, alizungumzia mpaka. Napendekeza "kivukakizingiti": kilichovuka kizingiti cha joto na cha shinikizo pia. Anayeona halifai na alete lake. Mtoto wa Masimba atauliza tena, na safari hii tusimwambie asubiri chuo.